Dansi Lisiloagwa

Gunia la korosho haliendi matembezi. Panya atalitoboa, mvua italiozesha, mwizi atalibeba begani, lakini lenyewe halina miguu. Hilo Newala nzima inalijua. Sasa asubuhi ile, mlango wa Ukumbi wa Mavuno ulipofunguliwa, wanawake wa kuchambua korosho walisimama kizingitini na nyungo zao mikononi, hakuna aliyetaka kutangulia. Magunia waliyoyapanga jana katikati ya ukumbi yalikuwa yamesogea yote, yameegemea kuta pande zote, na katikati pamebaki peupe.

"Hamudi!" Mrisho aliita. "We mzee, pombe ya uraka ya jana haijakutoka? Umemwingiza nani humu?"

"Nimwingize nani, bosi, na ufunguo unalala mfukoni mwako?" alijibu mlinzi. "Mimi nalinda nje na rungu langu. Ya ndani sina habari nayo."

Mrisho akapapasa mfuko, akaukuta ufunguo upo. Akacheka kicheko kisichokuwa na meno. "Haya, mama zangu, tuyarudishe. Jua linapanda."

Huyu Mrisho alikuwa kijana wa Masasi mwenye pikapu na mizani, mmoja wa wale walioibuka kama uyoga tangu ilipotangazwa kwamba korosho si ya ushirika peke yake tena. Ilikuwa miaka ya ruksa. Ruksa kununua, ruksa kuuza, ruksa kuuziwa hata kilichokuwa chako. Ushirika ulikufa, na mali yake ikagawanywa kama ya marehemu asiyeacha mtoto: malori huku, mizani kule, vyombo vya muziki kule kusikojulikana. Ukumbi ukaangukia kwa Mrisho, akaufanya ghala.

Msimamizi wa wachambuaji aliitwa Veridiana, Mama Esther kwa kila mtu. Alirudisha magunia pamoja na wenzake, lakini jicho lake halikutoka kwenye ile sakafu. Saruji ile nyekundu ilikuwa imefunikwa na vumbi miaka nenda miaka rudi. Leo pale peupe palikuwa panang'aa. Tena hapakuwa peupe ovyo ovyo. Palianzia usawa wa nguzo mpaka chini ya jukwaa, mahali pale pale, kwa upana ule ule. Magunia yalikuwa yamekaa kwenye kuta, kama vile zamani zilivyokaa meza na viti ili watu wapate pa kuchezea.

Maana Ukumbi wa Mavuno, kabla ya gunia la kwanza kuingia, ulikuwa ukumbi wa dansi. Na kama hukuwahi kuingia mle Jumamosi ya msimu wa korosho, basi mambo ya dansi nyamaza, usikilize wenzio! Malori yalipanda mlima kutoka Masasi yamejaa vijana wanaoimba. Wengine walikuja kwa miguu kutoka Kitangari, viatu vya raizoni wamevibeba mkononi visije vikachafuka, suruali za bugaluu wamezikunja magotini. Bendi kubwa za kutoka mbali zilipiga pale, zikapanda jukwaani na majina yao na makoti yao ya kung'aa, lakini wenyeji walikuwa na yao, Korosho Jazz, wenye mtindo wa Pukuta Mkorosho. Jenereta la ushirika linanguruma nyuma, ukungu wa Newala unapenya madirishani, na ndani watu wanatoka jasho mpaka kuta zinalia.

Gitaa la solo la Korosho Jazz lilipigwa na Nikolao. Mrefu, mweusi, mwenye chale mbili za usoni alizochanjwa na babu yake, akiinamisha kichwa kama anayenong'onezwa na nyuzi. Na chini ya jukwaa, mbele kabisa, viwiko vimelalia mbao, alisimama kila Jumamosi binti mmoja ambaye hakucheza na mtu. Nikolao akitaka kumaliza wimbo, binti anapaza sauti: "Usiondoke bado!" Ukumbi mzima unaitikia, bendi inaanza upya. Ule mwito ndio uliokuwa jina la wimbo mkubwa kuliko zote walizopiga. Na yule binti ndiye Veridiana, aliyefunga ndoa na Nikolao parokiani, wapiga tarumbeta wa bendi wakiwa wamevaa tai.

Wimbo wenyewe haukutoka hewani. Mama yake Veridiana alikuwa fundi wa ngoma za kupunga, kule Chiwata. Nikolao alipokuwa akienda kuposa alizisikia zile ngoma, akaokota mdundo mmoja, mdundo wa kumwita jini, akautia kwenye gitaa. Mkwewe alipousikia hakuuliza kwa hasira, aliuliza tu. "Wimbo mzuri, mwanangu. Na kuaga je? Kwetu aliyeitwa huchezeshwa, akishachezeshwa huagwa. Kuna mdundo wake wa kumkalisha chini. Mbona huo mmeuacha?"

Nikolao aliinamisha macho kwa heshima, lakini midomo ilikuwa inacheka. "Mama, mdundo wa kuaga ukipigwa watu wanakaa. Dansi watu wakikaa limekufa."

Basi hawakuuweka. Miaka ile yote wimbo uliita, uliita, haukuaga. Mpaka Jumamosi ile dizeli ilipokauka katikati ya "Usiondoke Bado", taa zikazimika, watu wakapiga miluzi gizani, wakangoja, wakatukana, wakaenda zao. Hakuna aliyejua kwamba ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo ushirika uliyumba, ukaanguka, na Nikolao akarudi nyumbani na gitaa lake, akalitundika ukutani. Tangu siku hiyo aliyekaa ndani ya nyumba ya Veridiana alikuwa mtu wa jembe na kimya. Alikula, alilima, alijibu akiulizwa. Mumewe alikuwa amebaki ukumbini.

Sasa turudi kwenye magunia. Yalirudishwa katikati, kesho yake yakakutwa ukutani. Yakarudishwa tena, yakakutwa ukutani tena, na safari hii hata Mrisho hakumtukana mtu. Hamudi alikuja kumuaga Veridiana na blanketi lake kwapani.

"Mama Esther, mimi naenda zangu Lukuledi kwa mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, akitazama nyuma. "Mle ndani watu wanaburuta miguu. Si mtu mmoja. Ni watu. Wanaburuta miguu sakafuni, na wakitulia nasikia harufu ya udi."

"Umemwambia bosi?"

"Nimwambie nini? Aniulize nimekunywa ngapi?"

Harufu, Veridiana mwenyewe alikuwa ameshaisikia. Vumbi la korosho lina harufu yake kali ya kuwasha pua, na gunia lina yake. Chini ya hizo ilikuwapo nyingine, ya udi na mafuta ya nywele na jasho, harufu ya mabega ya watu waliobanana. Ilikuja zaidi jua likiwa utosini, saa ambayo wazee wa pwani na wa bara hukatazana kupita njia panda.

Halafu Esther akaanza kuimba.

Esther alikuwa mtoto wake wa pekee, binti wa miaka kumi na saba, mpole, mwepesi wa ungo. Alipokuwa akinyonya ndipo bendi ilipokufa, na tangu hapo baba yake hakuwahi kupiga wala kuimba chochote mbele yake. Lakini siku hiyo, akipepeta, alikuwa anavuma puani sauti ya gitaa la solo, si maneno, gitaa lenyewe, na vijikonakona vyake vyote ambavyo Nikolao peke yake ndiye aliyekuwa akivijua.

"Esther. Huo wimbo umefundishwa na nani?"

"Wimbo gani, mama?" Binti alimtazama kwa mshangao. "Sijaimba mimi."

Saa saba wanawake walitoka nje kula mihogo barazani. Veridiana alipogeuka hakumwona Esther. Aliingia kumwita, na mle ndani, ingawa bati lilikuwa linatoa moto, baridi ilimpiga magotini kama ya asubuhi ya ukungu. Magunia yalikuwa ukutani. Hakuna aliyeyagusa, wanawake wote walikuwa nje naye. Na katikati ya sakafu nyekundu mwanawe alikuwa anacheza, macho yamefungwa, mkono mmoja umeinuliwa umelalia bega la mtu asiyekuwapo, kiuno kinafuata kile kisichosikika, miguu inaburuzwa taratibu kwa rumba la zamani ambalo hakuna kijana wa siku hizi anayelijua, na kila alipozunguka upepo wa kanga yake ulileta udi, na Veridiana alipotaka kupiga kelele alisikia korosho ndani ya magunia zikianza kugongana zenyewe, polepole, halafu kwa kasi, gunia baada ya gunia kuzunguka kuta zote, mpaka ikawa ni makofi.

Alimvuta Esther mkono mpaka nje. Nyayo za binti zilikuwa nyekundu kwa rangi ya sakafu, tena zimelika.

Jioni, Nikolao alikuwa amekaa kwenye kigoda akinoa jembe. Veridiana alimweleza yote huku machozi yanamtoka. Nikolao aliacha kunoa. Akaliweka jembe chini, akauliza.

"Alikuwa anaimba sehemu gani?"

"Unasemaje?"

"Sehemu ya mwanzo, au pale gitaa linapopanda?"

Veridiana alimtazama mume wake. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi uso ule ulikuwa na uhai, na uhai huo haukuwa kwa ajili ya mtoto. "Baba Esther, mwanao anakufa," alisema. "Nakuambia mwanao anakufa, wewe unaniuliza sehemu gani!"

Na kweli alikuwa anakufa. Hakurudi tena ghalani, lakini haikusaidia. Alikataa chakula, maji alikunywa kwa kulazimishwa. Akilala kitandani miguu ilikuwa inaburuza shuka bila kupumzika, na asubuhi shuka lina damu. Hospitalini walimpima kila kitu, wakampa dawa ya kuongeza damu, naye akaondoka pale akivuma puani. Ukungu wa Newala uliingia na kutoka, na kila ulipotoka Esther alikuwa mwembamba zaidi. Ndipo Veridiana alipopanda lori kwenda Chiwata kumwita mama yake mdogo, Bi Stamili, aliyerithi ngoma za marehemu dada yake.

Bi Stamili alikuwa mfupi, mkali, mbwia ugoro. Hakupiga ramli wala hakuuliza ndoto. Aliketi kando ya kitanda, akasikiliza Esther anavyovuma, mara akaruka kama aliyekanyaga siafu.

"Huo wa dada yangu! Nani kauchukua?" Akageuka, akaliona gitaa ukutani, akamwona Nikolao amesimama mlangoni. Hakuhitaji kuambiwa. "Aha. Ndiyo wewe. Na ulipiga huo ukumbini, mbele ya watu, kila Jumamosi?"

"Ndiyo, mama," Nikolao alisema.

"Na kumuaga?"

Aliyejibu alikuwa Esther, kitandani, bila kufungua macho, kwa sauti iliyokuwa ya mtu mzima, iliyochoka, wala si ya kutisha, na hilo ndilo lililomtisha Veridiana kuliko ngurumo.

"Mlinialika. Mkanichezesha. Mkazima taa, mkaenda kulala. Mimi bado nimesimama."

"Tunakusikia, mgeni," Bi Stamili alinong'ona, mikono kifuani. "Tunakuomba, kaa chini."

"Nitakaaje? Sijaagwa."

Nyumba ikanuka udi. Bi Stamili alimshika Veridiana mkono, akamtoa nje mpaka kwenye mashina ya mihogo. "Sikia, mwanangu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni asisindikizwe. Huyu si mbaya. Kama angekuwa mbaya mngekuwa mmeshamzika huyo mtoto. Anataka kwenda kwao, miguu inamuuma, ndiyo maana ameazima ya Esther. Lakini ngoma yangu peke yake hataisikia. Aliitwa kwa umeme, kwa mkono wa mumeo. Mumeo amwite, amchezeshe, amalizie na mdundo wa kuaga. Mara moja tu. Basi, mtoto wako mzima."

"Ndiyo hivyo tu?" Veridiana alishika kichwa, akacheka na kulia. "Mama mdogo, hiyo si kazi! Atapiga. Hata leo atapiga."

Bi Stamili alitema ugoro. "Haya. Tuone."

Mrisho alitoa alichoombwa bila ubishi, maana wachambuaji walikuwa wamekataa kuingia ghalani na korosho zilikuwa zinaanza kupata unyevu. Alileta betri ya pikapu na amplifaya ya kukodi ya maharusini. "Shikamoo, bibi," alimwambia Bi Stamili, macho yanacheza. "Mimi nitakaa nje, kama nitahitajika." Hakuhitajika.

Waliingia saa saba mchana. Esther alikalishwa chini ya jukwaa juu ya shuka jeupe, chetezo mbele yake, Bi Stamili ubavuni na ngoma mapajani. Veridiana alisimama karibu na mwanawe. Nikolao alipanda jukwaani. Alikuwa amevaa lile koti la bendi, ambalo Veridiana hakujua kama bado lipo, limekuwa pana mabegani. Aliunganisha waya. Spika ikakohoa.

Alipogusa nyuzi, Veridiana alisahau kuogopa. Jamani, muziki! Mikono ile iliyokakamaa kwa jembe ilikuwa haijasahau kitu. Gitaa liliita, likabembeleza, likauliza swali na kujijibu, na moyo wa Veridiana ukaruka kama wa msichana, kwa sababu mwanamume aliyekuwa juu pale ndiye yule aliyemuoa, si yule wa jembe, ndiye huyu, na alikuwa amemkosa miaka yote hiyo wakilala kitanda kimoja. Esther alisimama. Baridi ikaingia. Korosho zikaanza kutikisika maguniani mwao, magunia yakasogea yenyewe yakisugua saruji, na ukumbi ukajaa. Hakuna aliyeonekana. Lakini hewa ilibanana, mabega yalimsukuma Veridiana huku na huku, pumzi za watu zikampiga shingoni, viatu vya raizoni vikagonga sakafu, mluzi ukalia kule nyuma karibu na mlango mahali walipopenda kusimama vijana wa Masasi, na juu ya yote hayo gitaa lilipanda, likapanda, likafika pale kileleni ambapo Bi Stamili aliinua kichwa na kumpa Nikolao ishara kwa jicho kwamba sasa, aage.

Nikolao aliiona ishara. Akaangalia sakafu iliyojaa. Akatabasamu, akaanza wimbo upya.

"Baba Esther!" Veridiana aliita. "Mdundo wa kuaga!"

"Mara moja tena," Nikolao alijibu, machozi yanamtiririka kwa furaha. "Mara moja tu, Mama Esther. Wamekuja wote! Huwaoni?"

Wimbo ulizunguka, Esther akazunguka nao. Nyayo zake zilianza kuacha alama sakafuni, na alama zile hazikuwa za rangi. Kilele kilikuja tena, na Bi Stamili akapiga kelele safari hii, na Nikolao akakipita kama gari linalopita kituo, akarudi mwanzo, na makofi ya korosho yakalia mpaka vumbi likadondoka darini, na Esther akafumbua macho, akamtazama mama yake kwa macho ambayo hayakuwa yake, akasema kwa ile sauti iliyochoka, "Mimi nilikuwa nakwenda. Mwenye wimbo ananizuia."

Veridiana hakungoja kilele cha tatu. Angeweza kuchomoa waya, na mkono ulishafika kwenye betri, lakini akakumbuka taa zilizozimika ile Jumamosi, akauacha. Yeye alikuwa mtoto wa fundi, na mwito wake ndio uliomzuia mgeni kila Jumamosi. Mdundo ule aliulalia tumboni mwa mama yake kabla hajazaliwa. Akapiga magoti mbele ya mwanawe, akapiga makofi: taratibu, mazito, yenye nafasi katikati, kama mtu anayetwanga akiwa amechoka. Bi Stamili akaudaka kwenye ngoma. Makofi mawili ya mikono yanapigana na gitaa lenye umeme, na Veridiana alipiga, akapiga, akilia, "Nenda salama, mgeni wetu, asante kwa kuja, nenda salama," mpaka Esther akashusha pumzi ndefu, akakunja magoti, akakaa. Kisha akalala juu ya shuka kama mtoto aliyeshiba.

"Mama," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Nina njaa."

Baridi ikatoka. Ngoma ikanyamaza. Lakini gitaa halikunyamaza, wala yale makofi.

Veridiana aliinua macho. Nikolao alikuwa bado anapiga, kichwa ameinamisha, na waya wa gitaa ulikuwa umechomoka zamani, umelala jukwaani kama nyoka aliyekufa.

"Mama mdogo, na huyu?" Veridiana alinong'ona. "Mpunge na huyu."

Bi Stamili alikuwa ameshaanza kufunga ngoma yake. "Mgonjwa wangu alikuwa Esther, amepona. Huyu nimpunge nini? Huyu hakushikwa, mwanangu. Huyu ndiye aliyeshika."

Mrisho alihamishia korosho zake ghala lingine wiki hiyo hiyo. Esther alipopata nguvu alipelekwa Ndanda kwa shangazi yake kujifunza cherehani, na akanenepa, na akaandika kwamba anacheka tena. Veridiana alilipasua gitaa kwa shoka, akalipikia maharage. Nikolao alitazama moto. Aliendelea kulima. Ila kila Jumamosi jioni, jembe likishawekwa, alioga, akavaa lile koti, akashuka njia ya ukumbi ambao sasa hauna mwenyewe, mlango umeng'olewa, popo wamejaa darini. Akirudi alfajiri ana furaha, na mkewe akimsemesha anajibu kwa adabu, kama unavyomjibu mwenye nyumba ya wageni.

Jumamosi moja Veridiana aliona imetosha. Alifunika ugali na kisamvu kwenye bakuli, akamfuata. Alijiambia atamrudisha. Mtoto alimpigania akampata, na mume atampigania. Kwa mbali alisikia watu, akajikaza. Alifika mlangoni jua linazama, akasikia gitaa ambalo majivu yake aliyazoa yeye mwenyewe. Wimbo ulikuwa unakaribia kuisha. Na ndani ya kelele zote zile, mbele kabisa, sauti moja ya msichana ikapaa juu ya wengine, nyembamba, yenye kiburi cha kupendwa.

"Usiondoke bado!"

Ile sauti aliijua. Ilikuwa yake.

Akaingia. Hakuona mtu, ila Nikolao juu ya jukwaa, mikono mitupu inatembea hewani mahali palipokuwa gitaa. Hakuwa anaangalia mlango. Alikuwa anaangalia chini, ukingoni mwa mbao, pale ambapo zamani vililala viwiko viwili, na alikuwa anapatabasamia mahali pale kwa tabasamu ambalo Veridiana alikuwa amelisubiri nyumbani mpaka nywele zikaingia mvi. Akatembea mpaka mbele. Akasimama pale pale.

"Baba Esther," alisema. "Mimi hapa. Twende nyumbani."

Nikolao aliinua macho, akamwona. Uso wake ulikuwa wa kijana mwenye malezi mema.

"Shikamoo, mama," alisema kwa upole. "Samahani, ungesogea kidogo. Hapo uliposimama pana mwenyewe."

Veridiana alifungua mdomo. Harufu ya udi ilikuwa imemzunguka, na begani kitu kilimgusa kidogo, kama mtu anayeomba njia.

"Marahaba, mwanangu," alijibu. Aliweka bakuli juu ya ukingo wa jukwaa, akasogea.